Hayupo Hapa: Miaka Yangu na Barua Pepe za Watu Walioondoka

Dada aliyekuwa akishika nyaraka ofisini kwetu aliacha kazi Machi 2008, akaolewa Arusha. Miezi saba baadaye yeye ndiye aliyekuwa akipokea barua pepe nyingi kuliko mtu yeyote pale ofisini, bosi akiwemo.

Ofisi ni ya wakala wa forodha, mtaa usio mbali na bandari ya Dar es Salaam. Kazi yetu ni kutoa mizigo: kontena za wafanyabiashara wa hapa nyumbani, na nyingine nyingi zinazopita kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Mimi nilikuwa, na bado ni, yule ambaye kila mtu humwita "mtu wa kompyuta". Seva ya barua pepe niliirithi kwa mtangulizi wangu. Ilikuwa kompyuta ya mezani iliyowekwa chini ya ngazi, ndani yake Postfix, programu aliyoiandika Wietse Venema akiwa IBM, ikatoka mwaka 1998. Programu yenyewe haikuwa na kosa. Makosa ninayoyasimulia hapa ni ya mipangilio, na mengi niliyaweka kwa mkono wangu.

Dada alipoondoka, bosi alinipa agizo moja: barua zake zote ziende kwa kijana aliyeshika nafasi yake. Nililitimiza kwa dakika moja. Ni mstari mmoja tu, jina la zamani upande huu, jina jipya upande ule. Sikuliwaza tena jambo hilo mpaka kijana aliponifuata Oktoba.

"Kaka, sanduku langu limejaa takataka. Barua za kwangu mwenyewe sizioni."

Nikafungua kumbukumbu za seva. Zilikuwa dawa za nguvu za kiume, urithi wa mamilioni ya dola wa marehemu asiyejulikana, saa za bandia, katalogi za viwanda vya China, na mialiko ya mikutano ya usafirishaji katika miji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Haikuwa ajabu. Anwani ya yule dada ilikuwa imechapwa kwenye kila nukuu ya bei tuliyotoa kwa miaka minne, na ilikuwa kwenye orodha za mawakala zilizowekwa wazi mtandaoni. Kuna programu ambazo kazi yake ni kuzurura humo na kuokota kila chenye alama ya @. Anwani ikishaokotwa huuzwa, anayeinunua naye huiuza, na hakuna kati yao anayejua wala kujali kwamba mwenyewe kaacha kazi.

Kama shida ingekuwa takataka peke yake, nisingeandika haya.

Wiki ileile nilipigiwa simu kutoka Arusha. "Shikamoo kaka. Naomba kuuliza, nani anasoma barua zangu?"

Katikati ya takataka zile kulikuwa na barua za kweli. Shule ilikuwa imemwandikia kuhusu ada ya mtoto wa marehemu dada yake, ambaye yeye ndiye mlezi wake. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kilimkumbusha rejesho lililopita tarehe. Kijana alizifungua kwa sababu zilikuwa mbele yake, na sikumlaumu, maana mimi ndiye niliyemwekea. Lakini wakati wa chai akasema kwa sauti, "Kumbe dada anadaiwa." Maneno ya chai ya Dar yalifika Arusha kabla ya Ijumaa.

Hakunigombeza. Alisema kwa utulivu, "Mimi niliondoka vizuri. Meza niliiacha safi, mafaili nilikabidhi moja baada ya jingine na mkasaini. Hamkuniambia kwamba na barua zangu nazo nimezikabidhi."

Sikuwa na jibu. Niliomba radhi, nikaufuta ule mstari simu ikiwa bado sikioni. Kisha nikarudi kwenye sanduku la kijana na kumtafutia dada barua zilizokuwa zake, nikazifunga kwenye faili moja na kumpelekea bila kusoma zaidi ya jina la mtumaji. Humo mlikuwa na moja ambayo hadi leo nikiikumbuka natetemeka: ya kubadilisha nenosiri la akaunti yake binafsi ya mtandaoni. Kiungo kilikuwa hai. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti cha kijana angeweza kukibonyeza na kuingia katika maisha ya mwanamke ambaye hayupo. Sisi tulidhani tumerithi anwani ya kazi. Kumbe tulikuwa tumeshika ufunguo wa kila kitu alichowahi kukifungulia kwa anwani ile.

Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwaka 2008 hapakuwa na sheria hiyo. Palikuwa na dada mmoja aliyeaibika kazini alikokwisha kuondoka, na hilo lilinitosha.

Baada ya kuufuta ule mstari nilitegemea barua zikataliwe. Hazikukataliwa. Mtangulizi wangu alikuwa ameipanga seva ipokee barua ya jina lolote, liwepo lisiwepo, na kuitupia kwenye sanduku moja kubwa. Sababu yake ilikuwa njema: wateja hukosea tahajia za majina, naye hakutaka hata mmoja apotee. Lakini wanaotuma takataka hubahatisha majina, juma, john, mauzo, info, sales, na kwetu kila walichobahatisha kilipokelewa kwa mikono miwili. Haya yote yalipita kwenye dishi la setilaiti lililokuwa juu ya paa, kilobiti 128 kwa sekunde kwa ofisi nzima. Nyaya za SEACOM, za intaneti ya chini ya bahari, zilikuwa bado kufika. Zilikuja Julai 2009. Nyaraka ya meli ilichukua robo saa kuingia kwa sababu nyuma yake kulikuwa na foleni ya picha za saa za bandia zikiandikiwa watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Hapo ndipo nilipokaa nikajifunza mazungumzo yenyewe ya barua pepe, ambayo kabla ya hapo niliyachukulia kama mambo ya ndani ya mashine. Seva inayotuma hupiga hodi na kujitambulisha. Husema barua imetoka kwa nani. Kisha husema inakwenda kwa nani. Mpaka hapo barua yenyewe bado iko nje, mikononi mwa aliyeileta. Ukijibu 250, yaani sawa, mwili wa barua na viambatisho vyake huanza kuingia. Ukijibu 550 kwenye jina la mpokeaji, mambo huishia mlangoni: mistari michache tu imepita, picha ya megabaiti mbili imebaki kwao. Jon Postel aliyaandika hayo Agosti 1982 katika waraka uitwao RFC 821, na 550 ilikuwamo tangu mwanzo. Na kuna sharti moja ambalo wengi wetu hulipita haraka. Ukishaipokea barua yote na kusema sawa, dhamana imehamia kwako. Ama uifikishe, ama umwarifu aliyeituma kwamba imeshindikana. Anayekataa mlangoni hana mzigo huo, maana seva iliyoileta ndiyo yenye kumrudishia mwenyewe.

Nikaliondoa lile sanduku kubwa, seva ikaanza kukataa majina isiyoyajua. Nilifurahi kwa muda wa wiki tatu hivi.

Nilichosahau ni kwamba kwa sababu dishi lilikuwa likikatika kila mvua kubwa inaponyesha, tulikuwa tumekodi seva ya mbele, huko Ulaya, ya kutushikia barua mpaka mawasiliano yarudi. Ile haikujua orodha ya watu wetu, ikawa inapokea kila kitu na kusema sawa, ndipo ije kwetu ikataliwe. Kwa kuwa dhamana ilikuwa kwake, ilifanya ilivyofundishwa: ilimwandikia mtumaji kwamba barua yake haikufika. Na mtumaji wa takataka huwa haandiki jina lake mwenyewe. Huandika la mtu mwingine, mwalimu fulani, duka la maua, nesi katika nchi ya mbali. Kila takataka iliyoandikwa kwa yule dada ikawa inazaa barua ya lawama kwa mtu asiyejua hata Dar es Salaam iko wapi. Bila kukusudia tulikuwa tunamalizia kazi ya mtumaji wa takataka, tena kwa jina letu.

Haukupita mwezi, tukaingizwa kwenye orodha za seva zisizoaminika. Kampuni moja ya meli ikaanza kuzikataa barua zetu. Tuliomba taarifa za kuwasili kwa mzigo kwa simu na kwa miguu siku nne nzima, na kila aliyepita mlangoni kwangu aliniangalia kama mtu aliyezima umeme wa mtaa.

Dawa ya tatizo lile ni kuipa seva ya mbele orodha ya watu waliopo, ili nayo ikatae palepale mlangoni. Kwenye Postfix ni mpangilio mmoja, relay_recipient_maps. Lakini wakati ule nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hukimbilia kinachonyamazisha kelele haraka. Nikaziandika anwani zote za walioondoka kwenye orodha yenye neno DISCARD. Maana yake: pokea, sema sawa, kisha itupe, usimwambie mtu. Kelele zikaisha. Hakuna aliyelalamika. Nikaamini nimeshinda, na nikakaa na imani hiyo hadi katikati ya mwaka 2010.

Aliyenitoa ndani yake alitoka Lubumbashi. Alikuwa mteja wa zamani, muuza vipuri vya mashine za kusaga, aliyetoa mizigo kupitia kwetu mara mbili wakati wa yule dada. Kontena lake la tatu lilikuwa limefika bandarini. Alikuwa ametuma nakala za hati kwa anwani anayoijua, akasubiri. Akatuma tena, akasubiri. Akatuma mara ya tatu. Kwake kila kitu kilionekana kimefika, kwa sababu seva yetu ilimjibu sawa mara zote tatu. Siku za bure za bandari zikaisha, tozo ya kuhifadhi ikaanza kuhesabiwa kila siku iendayo kwa Mungu, na mwishowe akapanda basi, akavuka Zambia, akapita Tunduma, akaja mwenyewe.

Alikaa mapokezi na mkoba wake magotini. "Nilituma mara tatu," aliniambia. "Hakuna mutu alinijibu. Nikafikiri mumekula feza zangu."

Nilimpeleka mezani kwangu, nikamwonyesha kwenye kumbukumbu. Tarehe tatu, mistari mitatu, na mwishoni mwa kila mmoja lile neno nililoliandika mimi. Aliuliza neno hilo maana yake nini. Nikamwambia: imetupwa. Alitulia kidogo, kisha akasema kitu ambacho kimeongoza kila mpangilio niliouweka tangu siku ile. "Mungeniambia tu dada hayuko, ningepiga simu siku ileile."

Ofisi ilibeba sehemu ya tozo. Sehemu nyingine aliibeba yeye, na kontena lake la nne hakulileta kwetu. Sina haki ya kumlaumu.

Usiku ule sikurudi nyumbani. Nilifuta orodha yote ya DISCARD. Nikaipa seva ya mbele majina ya waliopo, na nikaandika kazi ndogo ya kuilisha orodha mpya kila saa ili isipitwe na wakati. Halafu nikaandika jibu la kila mtu aliyeondoka. Baada ya namba 550 5.1.1 seva inaruhusiwa kusema maneno, na wengi huyaacha yale ya kiwandani. Mimi nimeweka sentensi mbili, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiingereza: mhusika hayupo tena katika ofisi hii, kwa shughuli za mizigo piga namba hii. Kiswahili kinapita pale bila kujeruhiwa hata herufi moja, kwa kuwa hatuna alama juu ya vokali zetu, na jibu la seva kwa kawaida halibebi alama hizo. Ni jambo dogo lakini lilinifurahisha.

Namba iliyomo ni ya mapokezi. Simtaji aliyechukua nafasi, maana kesho naye ataondoka. Wala sisemi aliyeondoka amekwenda wapi. Postfix ina jedwali maalumu la kusema "mtu huyu amehamia anwani fulani", na mara moja nilikaribia kulitumia kwa kudhani ni uungwana. Halafu nikamkumbuka dada wa Arusha. Anwani mpya ya mtu ni yake kuitoa. Kujibu barua zote kwa ujumbe wa moja kwa moja, kama wafanyavyo watu wakienda likizo, pia nimekuacha kwa waliokwisha kuondoka, kwa sababu ni lile kosa la Ulaya kwa sura nyingine. Unamwandikia mtu ambaye jina lake limeibwa.

Niliwahi pia kusahau swichi moja ya majaribio, ile inayobadilisha kukataa kwa kudumu kuwa kwa muda, namba za mia nne badala ya mia tano. Seva za watu zikaelewa kwamba tunasema "rudi baadaye", na zikarudi kweli, saa baada ya saa, siku hadi tano kwa zile zenye mpangilio wa kawaida. Sasa hiyo huiangalia kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Na anwani moja haifungwi kamwe: postmaster. Kanuni zinataka iwe wazi kila wakati, na ndiyo njia ambayo mgeni aliyekwama hukupatia.

Kazi kubwa zaidi siku hizi naifanya kabla mtu hajaondoka. Wiki yake ya mwisho naomba saa moja, tunakaa wawili mbele ya sanduku lake, yeye akiwa ameshika panya na mimi nikiwa nimekaa pembeni. Anachagua yaliyo yake na kuyachukua. Tunapita benki, shule, laini ya simu, mitandao ya kijamii, kila mahali alipoandika anwani ya ofisi, na anaibadilisha. Majarida ya kweli aliyojiandikisha mwenyewe tunajitoa humo. Tangu mwaka 2024 Gmail na Yahoo wanawalazimisha watumaji wakubwa kuweka njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na kazi imekuwa nyepesi. Takataka hatuzigusi. Kubonyeza "nitoe" kwenye barua ya tapeli ni kumthibitishia kwamba nyumba ina mtu. Hao nawaachia 550. Wenye orodha za uaminifu wakikataliwa mara kadhaa hulifuta jina wenyewe, na nimeona idadi ikipungua mwezi hadi mwezi. Waongo hawasikii, lakini wanaishia mlangoni.

Jambo moja nimeligombania na wakubwa. Mwaka 2014 aliajiriwa dada mwenye jina lilelile la kwanza kama yule wa Arusha, na bosi akataka apewe anwani ileile, kwa kuwa wateja wameizoea. Nilikataa. Mwaka mmoja nyuma Yahoo walikuwa wametangaza kuyagawa upya majina yaliyokaa bila kutumika kwa miezi 12, na baadhi ya waliopewa wakaanza kupokea barua za wenye majina ya awali. Ilibidi kipendekezwe kichwa maalumu cha barua, kikaandikwa kama RFC 7293 mwaka 2014, cha kumwezesha mtumaji kusema: ifikishe tu kama anwani hii ilikuwa ya mtu huyuhuyu tangu tarehe fulani. Kama Yahoo waliona hatari hiyo, sisi wa chini ya ngazi tungejikinga na nini? Dada mpya alipewa anwani yenye majina yake mawili. Ile ya zamani haitapewa mtu maadamu nipo pale.

Mwaka 2016 alifariki mhasibu wetu, mzee aliyekaa ofisini kuliko sisi sote. Nilipofika kwenye anwani yake nilishindwa kuandika. Niliwaza niseme amefariki. Niliona si haki mtu apate habari ya msiba kutoka kwa mashine, katikati ya namba na mistari ya kiufundi. Nikamwacha na sentensi zilezile za wengine.

Wiki kadhaa baadaye dada wa mapokezi aliniunganisha na simu kutoka Muscat. Ilikuwa sauti ya mzee, Kiswahili chake cha Unguja mjini.

"Nimemwandikia rafiki yangu barua ikanirudia. Imeandikwa hayupo tena hapo. Kahamia wapi?"

Nikamwamkia. Nikamwomba akae kama amesimama, kisha nikamwambia. Alisema innalillahi, akanyamaza muda mrefu, nami nikasubiri. Halafu akanieleza kwamba walisoma chuo kimoja cha Kurani wakiwa watoto, na kwamba kwa miaka yote hiyo walikuwa wakiandikiana kila mwandamo wa mwezi wa Ramadhani. Akaniomba namba ya watoto wake.

Nikamwambia nitawauliza wao kwanza. Akasema ni vyema, atangoja. Niliandika namba yake pembeni ya kalenda, nikampigia kijana mkubwa wa marehemu kabla ya alasiri.